Mwanangu kamuuliza bibi yake: "Na babu naye ulimpa Zaburi 91?"

Mtoto wa Kirumba (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za usiku. Najua humu kuna wachungaji, kuna masheikh na kuna wasioamini kitu. Leo nawahitaji wote.

Binti yangu kapangiwa Kidato cha Tano shule moja ya Ukerewe, Jumamosi anavuka na meli ya Nansio. Sasa mama yangu, ana miaka 74, Mhaya, Mlutheri wa kukesha, ana desturi yake. Mtu wa nyumba hii akisafiri lazima amwandikie Zaburi ya 91 kwa mkono wake mwenyewe, kwenye karatasi ya daftari, anaikunja mara nne, anaitia kwenye begi. Mimi nimesoma Dodoma miaka mitatu na hiyo karatasi hadi ikachakaa kama noti ya muuza dagaa. Mdogo wangu anayo Muscat. Hakuna anayebisha wala kuuliza, ni kama kuambiwa uvae viatu kabla hujatoka.

Jana jioni alikuwa anaandika ya binti. Mwanangu wa mwisho, ana miaka minane, kajilaza mkekani anamtazama. "Bibi, hii inafanya nini?" Bibi akamsomea mstari: "Mabaya hayatakupata wewe, wala tauni haitaikaribia hema yako." Mtoto akafikiri kidogo, kisha, "Na babu naye ulimpa?"

Kwa msiojua, baba yangu alikuwa ndani ya MV Bukoba ilipozama ziwani, tarehe 21 Mei 1996. Alikwenda kumzika shangazi yake Kamachumu, wakati wa kurudi akapandia Kemondo. Mimi nilikuwa darasa la nne.

Mama hakujibu. Akaweka kalamu chini, akasema ngoja nikaangalie maharage. Maharage yalikuwa yameiva tangu saa kumi na moja.

Sikulala. Miaka yote hii sijawahi kuuliza swali ambalo mtoto kaliuliza bila hata kuinua kichwa. Kama alimpa, basi hii karatasi tunayotembea nayo ni kitu gani? Na kama hakumpa, mbona pia sijisikii vizuri? Naombeni mawazo, ila msiniambie nikaze imani. Imani ninayo. Shida ni kwamba mtoto kaniuliza tena leo asubuhi akiwa anavaa soksi, na sina cha kumjibu.

---

Ngosha Halisi

Nimevuta kiti. Pole sana kwa mzee, mkuu. Pale Igoma makaburini, walikozikwa watu wa meli ile, tunapita kila siku kwenye daladala, konda anapiga kelele "Igoma, Igoma" utadhani ni kituo kama vingine.

Ila huyo mtoto mpelekeni akasomee uanasheria.

---

Binti Sayuni

Bwana asifiwe. Kaka usimpe adui nafasi, anaanzaga na maswali madogo hivi hivi, hata pale bustanini alianza na swali. Neno halidanganyi. Mimi ni shahidi. Basi tulilopanda lilipinduka usiku, niliokuwa nimekaa nao upande ule wote waliumia, mimi hata kucha haikuvunjika. Na asubuhi ile nilikuwa nimeisoma 91 yote. Mstari wa saba uko wazi: "Ijapo watu elfu waanguka ubavuni pako, naam, kumi elfu mkono wako wa kuume, hata hivyo hautakukaribia wewe." Mwambie mtoto Mungu ni mwaminifu, basi, usimchanganye.

---

Haamini Kitu

Binti Sayuni, nakuuliza kwa heshima kabisa dada yangu. Hao elfu ubavuni pako hawana mama? Hakuna aliyewaombea asubuhi?

Ndiyo maana mimi hizi habari niliachana nazo. Aliyepona anasimama kanisani kutoa ushuhuda, aliyekufa hatoi. Ukikusanya shuhuda za waliopona peke yao lazima utapata Mungu anayelinda asilimia mia.

---

Binti Sayuni

Haamini Kitu, jina lako limejieleza. Nitakuombea.

---

Haamini Kitu

Asante. Ila hujajibu.

---

Mlutheri Mkimya

Nimekuwa mwinjilisti mtaani kwetu miaka kumi na kitu, na kwenye misiba hii zaburi ndiyo huwa inanikwama kooni. Kwa hiyo nitaandika kirefu, mnivumilie.

Kwanza, watu wengi hawajui kwamba kwenye Injili anayeinukuu Zaburi 91 ni Ibilisi. Mathayo 4. Anampandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, anamwambia jitupe chini, si imeandikwa atakuagizia malaika zake? Na hakukosea kunukuu, maneno yapo. Yesu anamjibu kwa Kumbukumbu la Torati: usimjaribu Bwana Mungu wako. Tangu nilipoliona hilo, nikisikia mtu anaitumia zaburi hii kama bima ya gari huwa nakaa vibaya kwenye benchi.

Pili, someni Matendo 12. Sura moja, mfalme mmoja. Herode anamuua Yakobo kwa upanga, mstari mmoja tu, imeisha. Halafu Petro anafunguliwa minyororo na malaika, anasindikizwa hadi barabarani, hadithi ndefu na mtumishi wa kike anayesahau kumfungulia mlango kwa furaha. Kanisa lilimwombea Petro kwa juhudi, limeandikwa. Mimi siamini hata kidogo kwamba Yakobo hawakumwombea. Na Luka, aliyeandika, haelezi. Angeweza kusema Yakobo alikuwa na dhambi fulani. Hasemi. Anaendelea na safari.

Kwa hiyo dada yangu Binti Sayuni, usimwambie mtoto wa mtu kwamba aliyezama hakusoma vizuri. Yesu mwenyewe aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, akakataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao.

Mkuu mwanzisha uzi, nina swali moja: mama anaandika zaburi nzima au vipande?

---

Mtoto wa Kirumba

Mwinjilisti, sijawahi kuangalia hilo. Naona anajaza kurasa mbili. Ngoja kesho.

---

Nahodha Mkavu

Nimeendesha boti za samaki Ukara–Mwanza zaidi ya miaka ishirini. Ya mbinguni nawaachia wenyewe, nitaongea ya ziwani.

Mwaka 1996 ile meli ilipopinduka kulikuwa na watu hai ndani, wanagonga chuma. Walikuwa wanapumua hewa iliyobanwa mle tumboni. Walioko nje wakakata bodi ili wawatoe. Hewa ikatoka, chombo kikaenda chini. Waliokata walikuwa na nia njema, na nina hakika wengine walikuwa wanaomba huku wanakata.

Septemba 2018, MV Nyerere, kivuko cha watu 101, siku ya gulio la Bugolora. Kimebakiza hatua chache kufika gati la Bwisya kikapinduka. Walikufa 228. Niliokuwa nawajua siwezi kuwahesabu hapa. Siku mbili baadaye wazamiaji wakamkuta fundi wa mitambo yu hai, kwenye chumba kilichobaki na hewa.

Ziwa lile lile, hewa ile ile. Huku iliwatoka watu, kule ikamtunza mtu. Sasa niambieni malaika alikuwa zamu mwaka gani. Mimi nilishaacha kujiuliza, maana ukijiuliza sana huwezi kutoka tena saa tisa usiku na taa zako kwenda kufuata dagaa. Nasema "Mungu tangulia", nawasha injini. Ila kabla ya kusema hivyo naangalia upepo, naangalia mzigo. Waliokufa peke yao 228, na chombo ni cha 101, hesabu hiyo haitaki nabii.

Mkuu, kwa binti Jumamosi: asikae vyumba vya chini. Akae deki ya juu karibu na mlango. Akiingia tu aulize laifu jaketi ziko wapi, akiambiwa zimefungiwa na mwenye ufunguo katoka, ashuke. Akiona mizigo imejaa hadi kwenye njia za kupita watu, ashuke. Nauli itapatikana.

---

Ngosha Halisi

Nahodha umeniharibia usingizi. Mimi Jumatatu nakwenda Ukerewe kuposa.

---

Nahodha Mkavu

Kuposa ndiko kwenye hatari zaidi. Meli tunaizoea.

---

Maalim wa Wete

Assalamu alaykum na habari zenu wote. Mimi ni Mpemba, nadhani nina haki ya kukaa kwenye uzi huu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama Nungwi ikija kwetu, imepakia zaidi ya mara mbili ya uwezo wake, watu wanarudi baada ya Idi. Waliookoka wengine walielea juu ya magodoro yaliyokuwa shehena. Mimi nimeswalia watu siku ile mpaka sauti ikakauka.

Nawaambieni kitu kuhusu sisi Waislamu wa visiwani. Kila anayepanda chombo anasoma dua ile ya Nabii Nuhu, "Bismillahi majraha wa mursaha", kwa jina la Allah kwenda kwake na kutia nanga kwake. Imo katika Sura Hud. Sasa mtu akisoma aya za kabla yake na za baada yake ataona mambo mawili. Nuhu hakuisomea dua bahari akaingia kwa miguu, aliunda jahazi mpaka watu wake wakamcheka. Na pamoja na utume wake, mwanawe wa kumzaa alizama mbele ya macho yake, anasema nitapanda mlimani utanilinda. Mtume wa Mungu, dua ya Mungu, chombo cha Mungu, na mtoto akaenda na mawimbi.

Kwetu aliyekufa kwa kuzama anahesabiwa katika mashahidi. Wale akina mama wa Wete na Mkoani niliwaambia hivyo. Baadhi yao liliwatuliza. Mmoja aliniambia, "Maalim, mimi nilimtaka hai." Sikuwa na jibu na mpaka leo sina, nikapokea kahawa yake nikanywa.

---

Mwanamke wa Eldoret

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania, nimekuwa nikisoma tu. Mimi ni Mkenya. Asubuhi ya tarehe 2 Aprili 2015, pale Chuo Kikuu cha Garissa, baadhi ya wanafunzi wa kwanza kushambuliwa walikuwa kwenye maombi ya alfajiri. Walikuwa wanaomba wakati huo huo, hawakuwa baa wala disko. Waliouawa siku hiyo ni 148, na msichana mmoja alitolewa hai baada ya kujificha kabatini siku mbili.

Binamu yangu alisoma huko, alikuwa ameenda nyumbani wiki hiyo kwa sababu ya jino. Familia ilisema Mungu amemlinda. Yeye alikasirika sana na hilo neno. Alituuliza, "Kwa hivyo mwenzangu wa chumba jino lake lilikuwa zima ndiyo maana akafa?" Hakwenda kanisani karibu miaka miwili. Sasa anaenda, anakaa nyuma kabisa, na ukimwuliza kwa nini amerudi anakuambia haya ni mambo yake na Mungu wake.

Hilo tu. Nakuombea binti yako safari njema.

---

Mlutheri Mkimya

Maalim, hiyo ya "nilimtaka hai" nitaibeba.

Naongeza moja kwa ajili ya Nahodha. Matendo 27, Paulo yuko kwenye merikebu, dhoruba ya siku nyingi, malaika amemtokea amemwambia hakuna hata mmoja atakayepotea. Wamo watu 276, Luka kawahesabu. Ahadi imeshatoka. Halafu mabaharia wanataka kutoroka kwa mashua, na Paulo huyo huyo mwenye ahadi anamwambia akida: hawa wasipobaki melini, ninyi hamwezi kuokoka. Askari wanakata kamba. Mwisho merikebu inavunjika kweli, waliojua kuogelea wanaogelea, wengine wanashika mbao, wote wanafika pwani wakiwa wameloa na wanatetemeka kwa baridi.

Imani ya Paulo ilikuwa na mabaharia na mbao ndani yake. Nikihubiri hivi kuna wanaoona nimepunguza upako.

---

Nesi wa Zamu

Mwinjilisti umenikumbusha 2020, wakati wa korona. Aprili tuliombwa siku tatu za maombi ya kitaifa, tukaomba, na mimi niliomba kwa machozi. Halafu zamu ya usiku nikawa nimevaa barakoa moja siku mbili kwa sababu nyingine hazikuwepo. Kuna mgonjwa aliniambia, "Nesi, wewe si umeokoka, ya nini kujifunika?" Nikamwambia Baba, mimi nimeokoka, mapafu yangu bado.

Sitaki siasa, naondoka.

---

Haamini Kitu

Mapafu yangu bado 😂 Nesi rudi.

---

Mtoto wa Kirumba

Wakuu nimerudi, ni Alhamisi usiku. Nawashukuru wote, hata waliogombana.

Mwinjilisti, nimefanya ulivyosema. Nimekwenda kwenye sanduku langu nimeitafuta ile karatasi ya Dodoma. Ninayo. Nikaiweka kando ya Biblia nikalinganisha mstari kwa mstari. Ameandika wa kwanza mpaka wa sita. Halafu anakwenda wa tisa. Wa saba na wa nane hayupo. Nikadhani alisahau. Nikafungua begi la binti nikatoa aliyoandika juzi, hivyo hivyo. Nikampigia mdogo wangu Muscat nikamwamsha, akatafuta ya kwake kwenye pochi, akanisomea kwa simu. Sita, tisa.

Hiyo ya saba ndiyo aliyoileta Binti Sayuni, ya watu elfu ubavuni. Ya nane inasema utatazama kwa macho yako uyaone malipo ya wasio haki.

Nikaenda kumkuta jikoni, nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda kama mtoto. Nikamwonyesha karatasi mbili. Akacheka kidogo, akasema waitu, miaka yote hii nilidhani mnasoma kumbe mnabeba tu.

Nitaandika alivyosema, nisije nikasahau.

Akasema, "Hao elfu mimi niliwaona. Walilazwa uwanjani wamefunikwa. Niliwapita mmoja mmoja nikimtafuta baba yako, nafunua, nafunika. Mwingine ana rozari mkononi, mwingine ana tasbihi. Mtoto mchanga bado yuko mgongoni kwa mama yake. Halafu niandike kwamba nimeyaona malipo ya wasio haki? Siwezi. Mungu atanisamehe kwa mistari miwili."

Nikamuuliza lile swali sasa. Baba alikuwa nayo?

Akanyamaza muda. Akasema, "Hakuwa nayo. Tulikuwa tumenuniana. Alichukua fedha ya mabati akaenda nayo msibani. Jioni anaondoka, aliniaga mara mbili pale mlangoni. Nilisikia zote mbili."

Akaendelea kupepeta mchele. Karatasi ya kwanza, anasema, aliiandika wiki moja baada ya kumzika, usiku, wala hakujua ni ya nani. Asubuhi akaitia kwenye mfuko wangu wa shule. Shule yenyewe ilikuwa umbali wa kuvuka barabara.

Nikamuuliza, mama, kwa hiyo inalinda au hailindi? Akanitazama kama vile nimeuliza jua linachomoza upande gani. "Inasema 'nitakuwa pamoja naye taabuni'. Taabuni. Sasa kama taabu isingekuwepo angekuwa naye wapi?" Halafu akanituma chumvi.

---

Binti Sayuni

Nimelia. Kaka naomba radhi kwa nilivyoandika mwanzo. Nilikuwa naongea kwa ajili ya basi langu tu.

---

Haamini Kitu

Mimi msimamo wangu uko pale pale. Ila huyo bibi nampa shikamoo.

---

Ngosha Halisi

Na mtoto mmemjibu nini? Maana yeye ndiye mwenye uzi.

---

Mtoto wa Kirumba

Alimjibu bibi mwenyewe, jana asubuhi, mimi nasikia nikiwa nje napiga mswaki. "Babu yako sikumpa, nilikuwa nimemkasirikia." Mtoto akasema "aha", akaomba andazi la pili.

---

Maalim wa Wete

Mwambie mama Mpemba mmoja anamsalimu. Na binti akipanda, kama hatojali, asome na ile ya Nuhu. Haina ubaguzi, Nuhu ni wetu sote.

---

Nahodha Mkavu

Jumamosi asubuhi upepo ni wa kawaida, nimetoka kuangalia. Dada wa watu aende. Mkumbushe deki ya juu.

---

Mtoto wa Kirumba

Meli imeng'oa nanga saa tatu na nusu. Nimeingia naye mpaka ndani, laifu jaketi nimeziona kwa macho na hazina kufuli, abiria walihesabiwa getini. Mama alisisitiza kuja bandarini. Hajawahi kukanyaga pale tangu 1996, teksi tulikuwa tunapita mbali. Alimshika binti mikono yote miwili akamuaga, na binti alipokuwa ameshapanda ngazi akamwita arudi, akamuaga mara ya pili.

---

Nahodha Mkavu

Wamefika?

---

Mlutheri Mkimya

Na mimi nasubiri hapa hapa, ibada ya mazishi inaanza saa nane.

---

Mtoto wa Kirumba

Saa saba kasoro kumi ametia mguu Nansio. Kapiga simu kwa namba ya mtu wa bodaboda. Karatasi anayo. Ndoo ameisahau mlangoni kwetu, na ndani yake kuna sabuni zote, fagio na jembe. Kuna anayevuka Jumatatu anisaidie?

---

Ngosha Halisi

Mkuu, mimi si nakwenda kuposa. Leta ndoo.